Mbao za Muda Nazo Zipimwe

Jengo la ghorofa hujengwa kwa mbao za aina mbili. Za kwanza ni zile zitakazobaki: milango, makabati, dari, sakafu na fremu za madirisha. Za pili ni zile zitakazoondoka: plaiwudi za kumwagia zege, mirunda ya kushikilia slabu, mabanzi ya uzio, vizuizi vya kingo za ghorofa, kuta za muda zinazotenganisha upande unaojengwa na upande unaotumika, na mbao zinazotandazwa juu ya vigae vipya ili visikwaruzwe. Katika kazi yangu ya kuandaa nyaraka za majengo yanayotafuta cheti cha jengo la kijani, yaani jengo linalojali mazingira na afya ya watu, nimeona kwamba mbao za kundi la kwanza huandikiwa kurasa nyingi, ilhali za kundi la pili huandikiwa mstari mmoja au haziandikiwi kabisa. Pengo hilo, hasa kuhusu gesi inayotoka katika gundi za mbao hizo, linaniudhi, na naamini linaweza kuzibwa kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Nianze na namna vyeti vyenyewe vinavyozitazama mbao hizi, kwa sababu hapo ndipo jambo la kushangaza linapoonekana. Mfumo wa LEED wa Marekani, katika toleo lake la mwaka 2009, ulikuwa na alama moja kwa mbao zenye cheti cha FSC, shirika linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, na ili kuipata ilibidi angalau asilimia 50 ya thamani ya mbao za kudumu katika jengo iwe imetoka kwenye misitu iliyothibitishwa. Mbao za muda, yaani za kumwagia zege, za kuegemeza, za majukwaa, za kulinda wapita njia na za vizuizi, ziliachwa kwa hiari ya timu ya mradi: ungeweza kuzihesabu au kuziacha, ila ukihesabu moja ulilazimika kuzihesabu zote, na zile zilizonunuliwa ili zitumike katika miradi kadhaa ziliruhusiwa kuhesabiwa katika mradi mmoja tu. Ni kanuni ya haki, na naipenda, kwa sababu inamzuia mtu kuokota mbao nzuri na kuzificha mbaya. Mfumo wa BREEAM wa Uingereza ulikwenda mbali zaidi. Huko, sharti la kwanza kabisa la sehemu ya upatikanaji wa vifaa ni kwamba mbao zote za mradi ziwe zimevunwa na kuuzwa kihalali, na neno zote linajumuisha mbao za zege, uzio wa eneo la ujenzi na mbao nyingine za muda.

Kwa hiyo, mbao ya muda inapotazamwa kama mti, mifumo hii mikubwa miwili inaitambua: inauliza ilikatwa katika msitu upi, nani aliiuza, na karatasi ziko wapi. Lakini mbao hiyo hiyo inapotazamwa kama chanzo cha gesi katika hewa, inatoweka. Alama ya LEED ya vifaa visivyotoa gesi nyingi inahusu bidhaa zinazofungwa katika jengo, upande wa ndani wa utando unaozuia maji, na toleo la 2009 lilipiga marufuku gundi ya urea na fomaldehaidi, gesi kali inayowasha macho na koo, iliyoongezwa katika mbao za kubandikwa za ndani. BREEAM nayo, katika sehemu yake ya ubora wa hewa ya ndani, hupima bidhaa zilizowekwa ili zibaki. Ukuta wa plaiwudi uliosimama katikati ya ofisi kwa miezi minane kisha ukabomolewa siku moja kabla ya kukabidhi jengo hauulizwi gundi yake. Mfumo wa EDGE, ulioanzishwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohudumia sekta binafsi, na unaotumika sana sasa katika nchi za Afrika Mashariki, unataka akiba ya asilimia 20 katika nishati, maji, na nishati au kaboni inayohusika na utengenezaji wa vifaa. Hewa inayotoka katika gundi ya mbao si sehemu ya hesabu yake. Mradi unaweza kupata cheti hicho kwa halali kabisa bila mtu yeyote kutamka neno fomaldehaidi.

Inafaa kueleza gesi hii inatokaje, maana wengi wanafikiri harufu kali ya mbao mpya ni harufu ya mti. Plaiwudi, chipubodi na MDF zote ni mbao zilizochanwa au kusagwa, kisha zikaunganishwa tena kwa gundi na shinikizo la joto. Gundi ya bei nafuu kuliko zote ni ile inayotengenezwa kwa urea na fomaldehaidi. Inakauka haraka, haina rangi, na inashika vizuri mahali pakavu. Udhaifu wake ni kwamba kifungo chake cha kikemia huvunjwa na unyevu: molekuli ya maji inaingia, kifungo kinaachia, na fomaldehaidi inarudi hewani. Hali hii huendelea kwa miezi na hata miaka, ikipungua taratibu. Joto huichochea zaidi. Kwa mahesabu yanayotumiwa na wataalamu wa vipimo, chumba kikipanda kutoka nyuzi 23 hadi nyuzi 30, kiwango cha gesi kutoka katika mbao za aina hii hukaribia kuongezeka maradufu. Vipimo vya maabara vya Ulaya hufanywa kwa nyuzi 23 na unyevu wa wastani. Mtu anayejenga Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: lebo iliyobandikwa kule haielezi kitakachotokea katika chumba kilichofungwa cha pwani mwezi wa pili, kabla kiyoyozi hakijawashwa.

Gundi ya fenoli na fomaldehaidi ni jambo jingine. Ina rangi ya kahawia iliyokolea, inahimili maji, na kifungo chake hakivunjiki kirahisi, hivyo gesi inayotoka ni kidogo sana. Ndiyo sababu sheria ya Marekani inayodhibiti mbao za kubandikwa imeziacha nje plaiwudi za kimuundo zilizotengenezwa kwa viwango maalumu vya kuhimili unyevu. Kati ya hizo mbili ipo gundi iliyochanganywa na melamini, inayohimili maji kuliko urea peke yake lakini haifikii fenoli. Na zipo gundi zisizo na fomaldehaidi kabisa. Mojawapo ilitokana na kazi ya Kaichang Li wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, aliyejiuliza kome wa baharini hushikaje mwambani huku mawimbi yakiwapiga, kisha akabadilisha protini ya soya ifanye kazi inayofanana na ile. Kiwanda cha Marekani cha Columbia Forest Products kilianza kuitumia katika plaiwudi zake mwaka 2005. Sisi watu wa pwani tumewabandua kome kwenye miamba tangu utotoni, na napenda kukumbuka kwamba jibu la tatizo la viwandani lilikuwa pale.

Viwango vya kisheria vyenyewe vipo na vinajulikana. California ndiyo iliyotangulia Marekani: kanuni iliyoidhinishwa na bodi ya hewa ya jimbo hilo mwaka 2007 iliishia kuweka ukomo wa sehemu 0.05 za fomaldehaidi kwa kila sehemu milioni za hewa kwa plaiwudi ya mbao ngumu, 0.09 kwa chipubodi, 0.11 kwa MDF na 0.13 kwa MDF nyembamba. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya taifa yenye viwango hivyo hivyo, na utekelezaji wake ulianza tarehe 1 Juni 2018. Japani ilibadilisha sheria yake ya majengo mwaka 2003, na tangu hapo mbao zenye nyota nne, yaani daraja la gesi kidogo kuliko yote, ndizo pekee zinazoweza kutumika ndani bila kikomo cha eneo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2023, umeweka ukomo wa miligramu 0.062 kwa kila mita ya ujazo kwa samani na bidhaa za mbao, kuanzia tarehe 6 Agosti 2026. Hiyo ni nusu ya kiwango cha Ulaya kilichozoeleka, kiitwacho E1. Ninayataja haya kwa sababu mnunuzi wa Kariakoo au Barabara ya Jogoo anayeambiwa kwamba hakuna namna ya kuijua mbao anadanganywa. Plaiwudi nyingi zinazoshuka katika bandari zetu hutoka China, na viwanda vya huko vinavyouza Marekani na Japani hutengeneza mbao zenye lebo hizi kila siku. Tunachopokea sisi kinategemea tulichoagiza.

Kanuni ya Ulaya ina kipengele kinachogusa moja kwa moja hoja yangu. Inaziacha nje bidhaa zinazotumika nje ya jengo pekee, na inaziacha nje pia zile za matumizi ya viwandani na ya kitaalamu pekee, isipokuwa pale ambapo gesi yake itawafikia watu wa kawaida katika matumizi yanayotarajiwa. Ukiusoma msamaha huo ukiwa na mbao za muda akilini, utaona kwamba swali la nani atavuta hewa ndilo linaloamua. Mbao ya kumwagia zege juu ya nguzo iliyo wazi, upepo ukipita, ina msamaha unaoeleweka. Ukuta wa muda katika benki ambayo haikufungwa wakati wa ukarabati haustahili msamaha huo, kwa sababu wateja na wafanyakazi wako upande wa pili wa ukuta, wakivuta hewa ile ile. Kuziita zote mbili vifaa vya muda na kuzifunika kwa kanuni moja ni kukwepa kufikiri.

Neno muda lenyewe linahitaji kuhojiwa na historia, na hapa sina mfano mkubwa kuliko wa matrela ya Marekani. Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya Ghuba ya Meksiko mwezi Agosti 2005, shirika la serikali la kushughulikia maafa, FEMA, lilinunua matrela kwa maelfu ili watu waliopoteza nyumba wapate pa kukaa. Yalikuwa makazi ya muda. Yalitengenezwa kwa haraka, kuta na makabati yake yakiwa ya plaiwudi nyembamba na mbao za kubandikwa, ndani ya nafasi ndogo yenye hewa kidogo. Wakazi walianza kulalamika kuhusu macho kuwasha, pua kutoka damu na vifua kubana. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, kituo cha udhibiti wa magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilipima hewa katika matrela na nyumba za kuhamishika 519. Wastani ulikuwa sehemu 77 za fomaldehaidi kwa kila sehemu bilioni za hewa, na kilichozidi vyote kilifika 590. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa dakika thelathini, ni takribani sehemu 80 kwa bilioni. Wale watu hawakukaa dakika thelathini, walikaa miaka. Tena vipimo vile vilifanywa majira ya baridi, na CDC ilishauri wakazi wahamishwe kabla joto la kiangazi halijapandisha gesi.

Hadithi haikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo inayonisumbua zaidi. Serikali iliyauza matrela mengi kwa mnada, yakiwa yamebandikwa onyo kwamba yasitumike kama makazi. Mwaka 2010, mafuta yalipomwagika katika Ghuba hiyo hiyo baada ya ajali ya Deepwater Horizon, baadhi ya matrela yalionekana tena Louisiana, safari hii yakiwa malazi ya wafanyakazi waliokuja kusafisha mafuta. Onyo lilibanduka, au halikusomwa, au mwenye kuhitaji mahali pa kulala hakuwa na nafasi ya kuchagua. Kitu cha muda hakipotei muda wake unapokwisha. Kinahamia kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wa kwanza.

Nani asiyelijua hilo katika miji yetu? Plaiwudi iliyokwisha kazi ya zege haiendi jalalani. Inauzwa kwa kipande langoni mwa eneo la ujenzi, au vibarua wanaichukua kama sehemu ya malipo yasiyoandikwa. Inakuwa ukuta wa kibanda cha biashara, kitako cha kitanda, mlango wa choo, rafu ya duka, banda la kuku. Mirunda inatumika katika jengo linalofuata hadi ioze. Hili ni jambo jema kwa sehemu kubwa, na sitaki mtu yeyote anielewe vibaya: kuitumia mbao mara tatu, nne, tano ni uhifadhi wa kweli wa misitu, unaofanywa na watu ambao hawajawahi kusikia kuhusu cheti chochote. LEED yenyewe, katika toleo lake la nne, inazikubali mbao za makabati na mapambo zilizotumika tena bila kuzipima, mradi zina umri unaozidi mwaka mmoja wakati jengo linapoanza kutumika, kwa kuwa gesi yake nyingi imekwishatoka. Ila kitanda cha mbao zilizobandikwa kwa gundi ya urea, ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo na watoto watatu, ni jambo ambalo mwenye mradi anayejisifu kwa hewa safi ya jengo lake angepaswa kulifikiria wakati anaponunua, kwa kuwa wakati wa kuuza vipande langoni ni kuchelewa.

Na kuna moto. Karibu kila eneo kubwa la ujenzi nchini kwetu lina mama lishe wake, na kuni zake mara nyingi ni mabaki ya mbao za hapo hapo. Mbao nzima ya msonobari au mkaratusi isiyowekwa dawa ni kuni kama kuni nyingine. Plaiwudi na MDF sizo: gundi na ngozi yake ya plastiki huungua pamoja nayo, na moshi huo unavutwa na mpishi aliyeinama juu ya sufuria. Mbaya kupita zote ni nguzo zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, zile zenye rangi ya kijani hafifu, ambazo majivu yake hubaki na sumu hata moto ukishazimika. Viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza mbao za nyumbani zenye dawa hiyo mwishoni mwa mwaka 2003. Hapa kwetu nguzo hizo bado zinauzwa, na vipande vyake hufika jikoni.

Turudi ndani ya jengo, kwa wafanyakazi. LEED, katika matoleo ya 2009 na ya nne, inaruhusu jengo lipimwe hewa kabla ya watu kuingia, na ukomo wa fomaldehaidi ni sehemu 27 kwa bilioni. Sheria ya kazi ya Marekani inamruhusu mfanyakazi avute wastani wa sehemu 0.75 kwa milioni kwa saa nane, yaani sehemu 750 kwa bilioni. Najua kwamba vipimo hivi viwili vimewekwa kwa malengo tofauti, kimoja kikiwa sharti la kisheria kwa kazi zote pamoja na viwanda vya kemikali, kingine kikiwa lengo la hiari kwa majengo bora. Hata hivyo, tofauti ya karibu mara 28 kati ya mtu atakayekaa ndani na mtu aliyemjengea inasema jambo. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004, kwa ushahidi uliotokana zaidi na wafanyakazi. Fundi anayekata MDF kwa msumeno wa umeme katika chumba ambacho madirisha yake yamefunikwa kwa karatasi za nailoni anavuta gesi na unga wa mbao kwa pamoja. Kwake yeye, mbao iliyo hapo kwa wiki mbili na mbao itakayobaki miaka hamsini hazina tofauti yoyote.

Hoja ninayojibiwa mara nyingi ni kwamba mbao za muda zikiondoka, gesi yake inaondoka nazo, kwa hiyo mkazi wa baadaye hadhuriki. Si kweli kikamilifu. Bodi za jipsamu, mazulia, dari za nyuzi na vitambaa hufyonza gesi iliyomo chumbani na kuirudisha hewani polepole baadaye. Chumba kilichojaa mbao zenye gesi wakati jipsamu mpya ikisimamishwa kinaweza kubeba mabaki yake hata baada ya mbao kutolewa. Mwongozo wa chama cha wakandarasi wa viyoyozi cha Marekani, SMACNA, ambao LEED inautumia kwa ajili ya kusimamia hewa wakati wa ujenzi, unalijua jambo hili: unataka vyanzo vya uchafuzi vidhibitiwe, njia za hewa zikatwe, na kazi zipangwe ili vifaa vinavyofyonza viingie baada ya vile vinavyotoa harufu kupumua. Kwa hiyo mlango wa kuzidhibiti mbao za muda umekwisha kufunguliwa. Mshauri anayetaka anaweza kuandika katika mpango wake wa hewa ya ujenzi kwamba plaiwudi za kuta za muda ni chanzo cha uchafuzi na kwamba zitachaguliwa kwa kigezo fulani. Hakuna mkaguzi atakayemkatalia. Tatizo ni kwamba hakuna anayemlazimisha.

Katika mradi mmoja wa ukarabati niliohusika nao, ukuta wa muda wa chipubodi uliwekwa katika korido ya jengo lililokuwa likitumika, kwa ahadi kwamba utaondolewa baada ya muda mfupi. Fedha zilichelewa, na ukuta ule ulikaa kutoka masika moja hadi masika iliyofuata. Watu waliokaa karibu nao walilalamika kuhusu macho na koo tangu mwezi wa kwanza. Hakukuwa na kipengele chochote cha mkataba kilichoweza kutumika kuuondoa, kwa sababu katika karatasi zote ulikuwa ni kifaa cha mkandarasi, kama ngazi au toroli.

Ninachopendekeza, na ninachoandika sasa katika kila mkataba ninapopewa nafasi, kinatofautisha mahali. Mbao za muda zinazoingia katika nafasi iliyokwisha kuezekwa na kufungwa, au zinazogusana na nafasi inayokaliwa na watu, zifuate kigezo kile kile cha mbao za kudumu: lebo ya California au ya sheria ya taifa ya Marekani, nyota nne za Japani, au gundi isiyo na fomaldehaidi, pamoja na karatasi ya muuzaji inayotaja aina ya gundi. Ikiwezekana, zisiwe mbao za kubandikwa kabisa. Fremu ya msonobari wa shamba la miti la Sao Hill, Tanzania, iliyofunikwa kwa bodi ya jipsamu inatenganisha korido vizuri kuliko chipubodi, na inazuia moto zaidi. Ofisi za muda za eneo la ujenzi na vibanda vya kulala walinzi zihesabiwe kama nafasi inayokaliwa. Mbao zinazobaki nje, kwenye zege na majukwaa, nazitaka ziwe za uhalali unaothibitika na gundi ya fenoli, si kwa ajili ya hewa ya jengo, ila kwa ajili ya wale watakaozipata baadaye.

Kuhusu hiyo plaiwudi nyeusi yenye ngozi laini ambayo mafundi huiita marini, nitoe tahadhari. Weusi wa ngozi hauthibitishi gundi ya ndani. Zipo zenye ngozi ya fenoli juu na gundi ya melamini, hata ya urea, katikati ya tabaka. Njia ya zamani ya kuitambua bado inafaa: kata kipande kidogo, kichemshe kwa saa kadhaa, kisha ujaribu kutenganisha tabaka kwa kisu. Ya urea itaachia mapema. Hicho si kipimo cha gesi, na hakitaingia katika jalada la cheti, ila kinamfunua muuzaji aliyeandika jambo lisilo kweli katika stakabadhi yake. Kwa bahati nzuri, hapa maslahi ya mkandarasi na ya mapafu yanakwenda pamoja: plaiwudi inayostahimili kuchemshwa ndiyo pia inayomwagiwa zege mara nyingi bila kuvimba kingo, kwa hiyo bei yake ya juu hujirudisha kabla jengo halijafika ghorofa ya juu.

Gharama ya kuta za ndani ni ngumu zaidi kuitetea kwa namna hiyo, nakiri, maana hutumika mara moja. Lakini ni mbao chache. Katika jengo zima, eneo la kuta za muda za ndani na mbao za kulinda sakafu ni sehemu ndogo sana ya mbao zote zinazonunuliwa, na tofauti ya bei kati ya bodi yenye lebo na isiyo nayo huzama katika bajeti ya rangi. Kinachogharimu kweli ni kuagiza mapema. Bodi zenye lebo hazipo katika kila duka la mbao, na mkandarasi anayekumbuka ukuta wa muda asubuhi ya siku anayouhitaji atanunua kilichopo barabarani. Ndiyo maana sharti hili lazima liwe katika zabuni, pamoja na orodha ya bei, wala lisingoje maelekezo ya eneo la ujenzi.

Mabaraza ya majengo ya kijani ya Kenya na Tanzania yana nafasi ambayo waandishi wa LEED na BREEAM hawakuwa nayo, kwa kuwa yanajua mbao zetu zinakwenda wapi zikitoka. Ningependa miongozo yao ya ndani iongeze karatasi moja tu: orodha ya mbao za muda, aina ya gundi yake, ilipotumika, na ilipokwenda. Safu ya mwisho ndiyo itakayoleta ubishi mwingi, na ndiyo ninayoitaka zaidi. Katika mikataba yangu imekuwa na sentensi mbili. Mabaki yatengwe langoni katika mafungu mawili, mbao nzima isiyo na dawa upande mmoja, na kila kilichobandikwa gundi au kutiwa dawa upande wa pili. Fungu la kwanza anaweza kupewa mama lishe bila malipo. La pili lisitoke kwa ajili ya kuni, na msimamizi aweke sahihi yake kwa kila gari linalolibeba.